Kaseti ya Tatu ya Mjomba Marselino

Mjomba Marselino alikuwa harekodi mpaka mahindi yaingie ndani. Nikiwaambia wenzangu darasani wanadhani natania, lakini ndivyo ilivyokuwa. Chumba chake cha nyuma pale Katandala, mjini Sumbawanga, kina kuta za tofali za kuchoma, hazijapigwa lipu, na ukipiga kofi mle ndani linakurudia mara tatu. Gitaa nalo linarudi mara tatu, linakuwa vurugu tupu. Ila ukipanga magunia ya mahindi kuta zote mpaka karibu na dari, ukaacha upenyo wa mlango tu, chumba kinanyamaza. Unasikia mate yako yakishuka kooni.

Aligundua hilo kwa bahati mwaka 1987. Baba yangu, Rafaeli, alileta mavuno yetu kutoka nyumbani Pito ayahifadhi kwa shemeji yake huku akisubiri lori la ushirika. Mjomba akaingia mle kukwepa kelele za watoto wa jirani, akapiga gitaa kidogo, akatoka anacheka peke yake. Miaka hiyo lori la ushirika lilikuwa linakuja likijisikia. Mahindi yalikaa ndani Julai, Agosti, Septemba, mengine mpaka mvua zinaanza. Baba alikuwa analalamika kila siku. Mjomba alikuwa anaomba lisije.

Kazi yake inayomlisha ni ufundi wa redio. Ana kibanda mbele ya nyumba, meza moja, na redio za watu zimepangwa matumbo wazi. Gitaa lake alilitengeneza mwenyewe. Ubao wake ni mninga, kipande kilichobaki kwenye kitanda cha bibi. Sumaku alizitoa kwenye spika mbovu, akazizungushia waya wa shaba mwembamba kama unywele, mizunguko elfu nne na kitu. Anasema alikuwa anahesabu kwa sauti, na mtu akimsalimia tu anapotea, anaanza upya. Nyuzi za kwanza zilikuwa waya wa breki za baiskeli uliofumuliwa. Umeme wa mji wetu ni wa kubahatisha, kwa hiyo alitumia betri ya lori.

Halafu kuna ile sauti. Mwalimu mmoja wa kujitolea, Mzungu mrefu aliyefundisha fizikia sekondari, alipoondoka alimwachia kaseti isiyo na jalada. Ndani yake kulikuwa na magitaa makali ajabu, ngoma kama mtu anabomoa paa la bati, na mwanamume anayeimba kama ameungua. Jirani wa mjomba, Mama Bertila, alipita mlangoni akafanya ishara ya msalaba.

"Mimi nilikaa chini, Jenifa," mjomba aliniambia. "Nikajiuliza, huyu mtu amefikaje kwenye tanuru la babu?"

Babu yake mjomba alikuwa katika watu wa mwisho waliojua kuyeyusha chuma kwenye malungu, yale matanuru ya udongo marefu kuliko nyumba. Mengine bado yamesimama porini huko Ufipa, ndani yameota nyasi. Mjomba hakuwahi kuona moja likiwaka. Lakini bibi alimsimulia tangu mtoto jinsi tanuru lilivyonguruma usiku na mchana, na nyimbo ambazo wanaume waliziimba kule wakati wanawake wamekatazwa kusogea. Bibi alizisikia kwa mbali tu, akazishika hizo hizo za mbali.

Basi mjomba akachukua wembe, akaichana karatasi ya spika yake. Gitaa likaanza kukoroma. Watu wanamletea redio zao aziondolee mkoromo, yeye ya kwake anaitia mkoromo makusudi! Wakamwita Marselino Mashine ya Kusaga. Hakukasirika. Alisema muziki wake ni muziki wa chuma, na mwenye meno laini akasikilize kwingine.

Aliyeimba alikuwa mama yangu.

Mama yangu Stefania ni dada yake, amemzidi miaka mitatu. Ana sauti nzito kwa mwanamke, inayotoka chini kabisa, na akiimba anafumba jicho moja kama anayelenga shabaha. Yeye ndiye aliyezishika zile nyimbo za bibi, kwa Kifipa, maneno mengine hata yeye hajui maana yake. Walirekodi kwa redio kaseti mbili. Mjomba anapiga gitaa la chini, redio ya kwanza inanasa. Kisha ile redio inachezesha alichopiga, yeye anapiga gitaa la juu, mama anaimba, na redio ya pili inanasa vyote kwa pamoja. Mtu mmoja akikosea, mnaanza upya wote wawili. Hakuna cha kufuta sauti ya huyu ukaacha ya yule.

Hivyo ndivyo walivyotoa albamu ya kwanza, *Malungu*, mwaka 1988. Nakala arobaini, jalada la karatasi ya daftari, kila nakala imerekodiwa kutoka redio moja kwenda nyingine, saa nzima kwa kaseti moja. Kwenye wimbo wa tatu jogoo anawika na mama anacheka kidogo, mjomba akaacha hivyo hivyo. Ya pili, *Vumbi la Laela*, ilitoka 1990. Mimi nilikuwa na miaka saba, nakumbuka nimekatazwa kupiga chafya. Vumbi la mahindi linawasha pua, jamani, sijui mama aliimbaje mle ndani.

Halafu biashara ikafunguliwa. Watu wa kila namna wakaanza kuja Sumbawanga kununua mahindi, kutoka Mbeya, kutoka Dar es Salaam, hata kutoka ng'ambo ya mpaka. Baba alifurahi, maana sasa lori linafika mlangoni na mtu anabishana bei na wewe uso kwa uso. Mwaka 1993 magunia yaliingia kwa mjomba Jumatatu, na Jumamosi ya wiki ya pili lori likaja likayabeba yote. Mjomba alikuwa amemaliza nyimbo mbili tu.

"Shemeji, niachie hata ya ukuta mmoja," alimwomba baba.

"Ukuta mmoja ni magunia ishirini, Marse. Nikamwambie mnunuzi nini, kwamba yanasikiliza muziki?"

Wapakiaji walicheka mpaka wakakaa chini.

Ndiyo mjomba akaamua kwenda Mbeya. Kulikuwa na studio mpya ya mtu binafsi, ya Bwana Eustaki, yenye kuta za sponji na kinanda kinachopiga ngoma chenyewe. Kabla ya kuondoka yeye na mama walipiga picha, mjomba na gitaa, mama na gauni la kanisani, na kwa haraka zake mjomba akachapisha majalada mia mbili kabisa: *Usinitenge, Marselino na Dada Stefania*. Wakapanda lori la mizigo. Mama alimwacha mdogo wangu Basil nyumbani, ndiyo kwanza ameachishwa kunyonya. Akaimba siku mbili, akasikia Basil ana homa, akarudi. Mjomba akabaki kumalizia.

Alikaa wiki tatu. Aliporudi alikuwa na katoni la kaseti na kitenge kizuri cha Kongo, cha rangi ya machungwa. Alikiweka magotini mwa mama bila maelezo.

"Cha kwako, dada."

"Ee, Marse! Hata kama ningeimba mwezi mzima!"

Mama akashona gauni wiki hiyo hiyo.

Jumamosi tulikwenda sokoni, mimi nimebeba kikapu cha kutilia chumvi na sabuni, nina miaka kumi. Muuza kaseti mmoja alikuwa ameiweka *Usinitenge* kwenye redio kubwa, na jalada amelibandika juu. Wanawake wakamtambua mama kwenye ile picha. Wakapiga vigelegele. Mama Bertila akamshika mkono, akamzungusha mbele ya watu.

"Huyu ndiye! Huyu hapa! Stefania, kumbe umeficha sauti ya kitoto hivi? Tamu kama asali ya miombo!"

Mimi nilijisikia kama mtoto wa waziri. Mama alisimama katikati yao na gauni lake la rangi ya machungwa. Alisikiliza. Akatabasamu. Akasema, "Asanteni, jamani. Asanteni sana." Tulipofika nyumbani tukakuta chumvi tumeisahau sokoni, na mama si mtu wa kusahau chumvi.

Tangu hapo hakuimba tena na mjomba. Alikuwa akisema kazi ni nyingi, mara kifua kinambana, na mimi niliamini. Kwaya ya kanisani nayo aliiacha. Kila mahali watu walimsifu kwa *Usinitenge*, kwenye misiba, kwenye foleni ya mashine, na kila mara alishukuru. Miaka mitano nimekaa najivunia sauti ya mama yangu kwenye kaseti ya tatu.

Mwaka huu, 1998, zile mvua za El Nino zilibomoa barabara vibaya, madaraja yamekwenda na maji, na mahindi yalipovunwa malori hayakuweza kuja. Baba alijaza magunia kwa mjomba mpaka dirisha likazibwa. Julai yakakaa. Agosti yakakaa. Mjomba akaanza kuzunguka na uso wa mtu aliyeokota kitu. Alikuwa hajatoa albamu tangu ile ya tatu.

Mimi niko kidato cha pili, na nikitoka shule napitia kibandani kwake kabla ya kupanda kwenda Pito. Siku moja nilimkuta anaunganisha waya, nikachomoa kaseti zake za zamani kwenye boksi, nikaweka *Malungu*, kisha nikaweka *Usinitenge*, kisha *Malungu* tena. Nilikuwa sijawahi kuzisikia zikifuatana.

"Mjomba, huku mama alikuwa na mafua?"

"Huku wapi?"

"Kwenye *Usinitenge*. Kule kwenye *Malungu* sauti inatoka tumboni. Huku inatoka puani."

Alikuwa ameshika kile chuma cha moto cha kuyeyushia risasi. Moshi uliendelea kupanda mahali pamoja mpaka plastiki ya redio ya mtu ikaanza kunuka.

"Una masikio ya nani wewe?"

"Ya kwangu."

"Siyo mama yako," akasema. Akakiweka kile chuma chini. "Anayeimba hapo siyo mama yako."

Nilicheka, nikidhani utani. Hakucheka. Akaniambia mambo yote huku anafuta meza ambayo haikuwa chafu. Mama alipoondoka Mbeya, Bwana Eustaki alisema gitaa linakwaruza kama kopo, alisafishe, na sauti ya huyu mama ina Ufipa mwingi, haitauzika nje ya mkoa. Akamwita msichana mmoja wa pale Mbeya mwenye sauti nyembamba, maneno yakageuzwa Kiswahili, sauti ya mama ikafutwa. Kule kwa mashine zao inawezekana kumfuta mtu mmoja ukaacha wengine.

"Na wewe ukasema nini?"

"Nilisema sawa." Aliendelea kufuta ile meza. "Jenifa, nilikuwa nimekaa wiki tatu nalala sakafuni kwa watu. Nilitaka nirudi na kaseti mkononi."

"Na jalada?"

"Yalikuwa yameshachapwa. Mia mbili."

"Mama ulimwambia?"

"Nilimpa kitenge."

Hapo nilimwelewa na sikumwelewa. Kwetu ndivyo wanaume wanavyofanya. Baba akimkosea mama hasemi neno, analeta kitenge, mama anakipokea, yameisha. Lakini kitenge ni cha shukrani pia. Ukikiweka magotini mwa mtu ukanyamaza, atajuaje ni cha samahani? Mama alidhani ni cha kumshukuru kwa kuimba. Ameshona, amevaa, amekwenda nacho sokoni, na ndiko alikosikia.

"Nilidhani akisikia ataelewa kile kitenge," mjomba alisema. "Na hakuniuliza. Hakuniuliza hata siku moja."

Jumapili iliyofuata mjomba alipanda Pito baada ya misa ya kwanza. Alipiga makofi ya heshima mlangoni, akamwamkia mama kama mtu aliyetoka safari ndefu. Mama alikuwa anapepeta ulezi uani. Baba akaanza utani wake, "Fundi leo umekuja bila bisibisi?" halafu akaona hali ya hewa, akaenda kuangalia mbuzi ambao hawakuhitaji kuangaliwa.

"Dada," mjomba akasema, "magunia yapo. Yamejaa mpaka dirishani. Nataka urudi uimbe."

"Nimeshazeeka, Marse."

"Hujazeeka."

"Nimezeeka kwenye masikio ya watu." Ungo haukusimama. "Nikiimba sasa, na sauti yangu hii, watasemaje? Watasema Stefania kwisha habari yake, sauti imeota kutu. Ile ya yule msichana ndiyo wanayoijua kuwa yangu. Hii yangu sasa ndiyo ya bandia."

Mjomba aliinamisha kichwa. Nilikuwa nimekaa kizingitini nachambua maharage, na nilichambua maharage yale yale mara tatu.

"Dada, nilikosa."

"Unaniambia mimi. Mimi nilikuwa najua. Nilijua kabla gauni halijachuja."

"Basi nifanyeje?"

Hapo mama akasimamisha ungo. "Mimi nilishukuru watu miaka mitano kwa kitu ambacho sikufanya. Kwa sababu yako. Ningesema siyo mimi, wangekuita tapeli mji mzima, na wateja wa redio wangekukimbia. Sasa sema wewe. Kaseti hii piga peke yako. Mwanzo kabisa, kabla gitaa halijalia, useme kwa mdomo wako. Na akija mtu mmoja hapa Pito, mmoja tu, akaniambia, 'Stefania, kumbe haikuwa sauti yako,' mimi nitakuja kuimba ya tano. Hata kama ni bila magunia."

"Mmoja tu?"

"Mmoja. Nisikie kwa mtu ambaye si ndugu yangu."

Mjomba alirekodi *Tanuru* kwa siku nne. Nyimbo zilitoka bila shida, nyingine mara ya kwanza tu. Gitaa lilinguruma mle ndani mpaka panya wakahama. Kuna wimbo mmoja, wa nne, wa gitaa tupu la chini, unapanda taratibu taratibu, na mimi ninayeuandika huu mstari nywele zinanisimama. Kilichomshinda ni yale maneno ya mwanzo. Alianza, akakohoa, akafuta. Akasema haraka haraka, akafuta. Akasema kwa sauti ya mtangazaji, mwenyewe akacheka, akafuta. Mara ya kumi na moja ndiyo ikakubali:

"Mimi ni Marselino wa Katandala. Kwenye kaseti yangu ya tatu, *Usinitenge*, jalada linasema ameimba dada yangu Stefania. Dada yangu aliimba, na sauti yake ikafutwa, ikawekwa ya mtu mwingine. Mimi nilikubali. Nilinyamaza miaka mitano. Kosa ni langu."

Baada ya hapo kimya kidogo, halafu chuma.

Alileta nakala ya kwanza kwa mama. Tulikaa jikoni wote. Maneno yalipoisha mama akasema, "Rudisha." Akarudisha. "Rudisha tena." Mara ya tatu mama alikuwa ameshika pindo la kanga mdomoni. Kisha akasema, "Umesema vizuri, Marse," akamwongezea mboga. Kesho yake nilimkuta anachemsha maji ya tangawizi, anasukutua koo. Sikumuuliza. Alipoona namtazama akanitupia kitambaa cha vyombo, akasema, "Wewe huna kazi za shule?"

Nakala zilikuwa thelathini, na zilikwenda haraka. Vijana wa stendi walizipenda. Siku ya tatu nilipita pale, kijana mmoja anayeitwa Benjamini, tulisoma naye msingi, akaniita.

"Mambo, Jenifa! Mjomba wako noma! Lile gitaa linanguruma kama trekta limepandwa na majini!"

"Poa. Na yale maneno ya mwanzo umeyasikia?"

"Yapi? Aa, kuna kuongeaongea pale, sijui matangazo. Tunarusha mbele." Akamgeukia mwenzake. "Siyo, mshikaji? Tunarusha."

"Rudi usikilize. Ni muhimu."

"Sawa, mwalimu mkuu," akasema, wakacheka.

Nilitaka kumwambia palepale. Lakini mama alisema asikie kwa mtu ambaye si ndugu, na mimi nikimpa maneno mdomoni nitakuwa nimemtuma. Nikaondoka. Njiani nilikuwa najipa moyo: nakala thelathini, haiwezekani wote wakarusha.

Alhamisi yake nikapitia kibandani. Kulikuwa na wateja wanne watano, na mbele yao Masunga, mfugaji wa Kisukuma anayekaa Milanzi. Kila mtu anamjua kwa ng'ombe wake na kwa redio yake kubwa iliyofungwa nyuma ya baiskeli kwa mpira mwekundu. Masunga ni mtu wa watu. Anaingia kwenye vilabu vyote, anasalimia kila nyumba, na akisikia jambo asubuhi, mchana liko Pito. Nilipomwona na *Tanuru* mkononi nilisimama palepale. Nikasema moyoni, huyu ndiye mtu mmoja.

"Mwangaluka, Masunga!" mjomba akamsalimu.

"Mwangaluka ni ya asubuhi, na jua liko utosini? Kisukuma chako kinahitaji fundi." Watu wakacheka. "Nasikia umetoa chuma kipya. Weka tusikie, nisije nikanunua kwaya."

Mjomba akaiweka. Nilikuwa nimesimama nyuma, upande wa mlango, hakuniona. Kaseti ikakwaruza kidogo, sauti yake ikaanza. *Mimi ni Marselino wa Katandala. Kwenye kaseti yangu ya tatu...*

"Sasa huyu anahubiri?" Masunga akasema. "Fundi, nimetaka gitaa. Kuhubiriwa nilihubiriwa Jumapili."

Watu wakaangua kicheko. Mmoja akadakia, "Labda anagombea udiwani!"

Kaseti ilikuwa inasema *dada yangu aliimba.* Mjomba alicheka nao. Niliona shingo yake ikibadilika rangi. Halafu kidole chake, kile chenye kovu la kuungua, kikashuka kwenye redio kikabonyeza cha kupeleka mbele. Utepe ukapiga kelele nyembamba kama kifaranga. Akaachia. Gitaa likalipuka, Masunga akaruka hatua nyuma na kupiga paja.

"Hapo sasa! Hapo umesema!"

Akanunua mbili, moja ya shemeji yake.

Mjomba alipoinua macho aliniona. Sidhani kama tulitazamana muda mrefu. Wateja walikuwa bado wanapiga kelele, gitaa nalo linanguruma.

"Jenifa," akasema. "Shikamoo yako iko wapi?"

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba."

Nimejaribu kumchukia nikashindwa. Mtu huyu alikaa siku nne kutafuta ujasiri wa maneno yale, na aliyasema kweli, yapo kwenye utepe, yeyote anaweza kuyasikia. Ila mle ndani alikuwa na magunia. Hapa kibandani alikuwa na watu.

Wiki iliyofuata daraja likatengenezwa, malori yakaja. Baba alipata bei nzuri. Nilikuwepo wakati wanatoa gunia la mwisho, na mjomba aliingia mle chumbani peke yake, akasimama katikati, akapiga kofi moja. Lilirudi mara tatu. Akatoka akafunga mlango.

Imepita miezi miwili sasa. Mama bado anasukutua koo kwa tangawizi. Baba anadhani ni mafua ya vumbi. Juzi tulikuwa jikoni, anasonga ugali, akaniuliza bila kugeuka.

"Huko mjini kuna mtu amesema kitu?"

"Kuhusu nini, mama?"

"Kuhusu yale maneno ya mjomba wako."

Ningeweza kumwambia habari za Benjamini. Ningeweza kumwambia kidole kile ni cha nani. Nilifungua mdomo kabisa.

"Bado," nikasema.

"Labda hawajafika kwenye yale maneno."

"Yako mwanzoni, mama. Mwanzoni kabisa."

"Najua yako mwanzoni," akasema, akaendelea kusonga. "Ndiyo maana nashangaa."

Nikainama kupuliza moto, ingawa ulikuwa unawaka vizuri.